Simu Ikikuuliza, Soma Kwanza



Umejifunza kusoma. Sasa unasoma barua yako mwenyewe, stakabadhi ya mazao na maelezo ya dawa. Leo nakuomba usome kitu kingine: maneno yanayotokea kwenye kioo cha simu. Wengi hubonyeza tu ili maneno hayo yaondoke. Jambo hilo linatuumiza.

Tuanze na masikio. Vijana wetu hutia eafoni masikioni tangu asubuhi. Wanachunga nazo, wanalima nazo. Ukipandisha sauti mno, simu nyingi hukuonya kwamba sauti hiyo huweza kuharibu masikio, kisha huuliza kama unataka kuendelea. Kijana hubonyeza “Sawa” bila kusoma.

Ndani ya sikio mna sehemu iliyojizungusha kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai ndogo sana zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzilaza, kama majani yanavyolala yakikanyagwa. Yakikanyagwa mara moja, huinuka. Yakikanyagwa kila siku, pale huwa njia. Chembe hizi zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya zahanati wala ya mganga inayozirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Desibeli ni kipimo cha sauti, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Sauti ikifika desibeli 90, zinabaki saa 4 tu kwa juma. Huna kipimo hicho nyumbani, lakini njia ipo. Mtu asimame karibu, pale mkono wako unapomfikia, aseme kwa sauti ya kawaida. Kama humsikii, punguza. Ukivua eafoni ukasikia mlio kama wa nyenje, masikio yamechoka, yapumzishe. Mlio ukidumu, nenda zahanati. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti. (Mwendesha bodaboda mwenye eafoni simsemi hapa. Huyo atagongwa na lori kabla hajawa kiziwi.)

Swali jingine la simu linahusu siri zako. Unapoweka programu mpya, simu huuliza: je, programu hii isome majina na namba ulizohifadhi? Isome ujumbe wako? Ijue mahali ulipo? Chini yake yapo maneno mawili: “Ruhusu” na “Usiruhusu”. Sasa fikiri. Programu ya tochi ina haja gani na namba ya shemeji yako?

Zipo programu za mikopo zinazotaka namba zote ulizo nazo. Ukichelewa kulipa, wenye programu huwatumia watu hao ujumbe wa kukuaibisha: mkwe, mwalimu wa watoto, hata mwenyekiti wa kijiji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya fedha, hayafai ukurasa wa afya. Sikubaliani nao. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe zake halali, hali, na moyo humwenda mbio. Tena namba ya mkwe si mali yako peke yako. Umeitoa bila kumwuliza.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni sheria nzuri, lakini haiwezi kukishika kidole chako kinapobonyeza “Ruhusu”.

Kama simu yako imeandikwa Kiingereza, ibadilishe iwe ya Kiswahili. Mjukuu anaweza kukuonyesha, lakini usimwachie abonyeze kwa niaba yako. Na kama ulikwisha kuruhusu, hujachelewa kuzuia yajayo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu, kisha ruhusa. Pitia moja moja, na ile usiyoona sababu yake, ifunge leo.