Kijani cha Uongo

Niliadimika kidogo kwa ajili ya ule mradi wa mwaka wa tatu. Mradi umekwisha, alama tumepata, ila roho haijatulia. Leo nagombana na wenzangu wa kompyuta, na mimi mwenyewe nimo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kundi letu la watu wanne lilitengeneza fomu ya wanafunzi kuomba kompyuta za kuazima. Unaingiza namba ya usajili, ikitimia, kitufe cha "Tuma" kinaacha kuwa kijivu, unabonyeza. Tukaandika majaribio ya kujiendesha kwa Selenium. Yote kijani! Siku ya kuwasilisha tukapigiwa makofi.

Siku mbili baada ya fomu kuanza kutumika, dada mmoja wa mwaka wa kwanza akaja maabara na simu mkononi. "Kaka, kitufe chenu kinagoma." Namba aliinakili kwenye meseji akaibandika. Ilikuwa pale, sahihi kabisa, na kitufe kijivu. Maombi yalikuwa yamefungwa usiku uliotangulia. Kompyuta hakupata. Sasa nimwambie nini? Eti kwenye majaribio yetu ilifanya kazi?

Tatizo ni kwamba programu yetu ilisikiliza tukio la keyup, yaani kidole kuachia batani ya kibodi. Ukishikilia kioo cha simu ukabandika, hakuna batani iliyoachiwa. Tukio linalotokea ni input, ambalo brauza hulitoa kila mtumiaji anapobadilisha kilichomo kwenye kisanduku, awe amechapa au amebandika.

Mbona majaribio hayakuona? Hapa ndipo penye aibu. Tulitaka yaende haraka, tukaisukuma namba moja kwa moja kwenye value kwa JavaScript. Ukifanya hivyo brauza haitoi input wala change. Kitufe kikagoma. Badala ya kujiuliza, tukaongeza mstari wa dispatchEvent, tukarusha keyup kwa mkono wetu. Kijani! Yaani tulijipigia hodi wenyewe na kujiitikia karibu wenyewe. Brauza haikudanganyika: tukio la kutungwa namna hiyo hubeba isTrusted yenye jibu la false. Tuliodanganyika ni sisi.

Najua wabishi mtasema, "Si mngetumia sendKeys tu!" Nakubali nusu. WebDriver, iliyopitishwa na W3C kuwa kiwango mwaka 2018, huchapa herufi moja moja, na keydown, input na keyup zinatokea zote. Lakini hebu fikirini: keyup yetu mbovu ingepita pale pia! Majaribio kijani, dada bado kakwama. Mwingine atasema Playwright. Sawa, fill yake huweka maandishi na kutoa input bila kugusa batani, kwa hiyo ingetukamata. Ila kwa sababu hiyo hiyo, haitakuambia chochote kuhusu kisanduku kinachosubiri mtu abonyeze Enter.

Hakuna zana itakayokufikiria. Kabla ya kuandika jaribio jiulize: mtu wa kweli anaingizaje kitu hapa? Anachapa, anabandika, au brauza inamjazia. Kila njia iwe na jaribio lake. Na jaribio lisirushe tukio ambalo mtumiaji hakulifanya. Likigoma, usilitibu jaribio, kaitazame programu kwanza. Halafu azima simu ya mwenzako, ya kawaida tu, ujaze fomu yako kwa vidole. Dakika tano hazizidi.

Na walimu wetu, shikamooni, kwa heshima zote: mkisahihisha miradi msihesabu kijani. Mwanafunzi akijua alama ziko kwenye kijani, kijani atakileta, hata kwa kupaka rangi. Sisi tulipaka.

Marekebisho yalikuwa neno moja, jamani. Tulifuta keyup tukaandika input. Neno moja tu, na mtu akakosa kompyuta muhula mzima. Hadi leo nikikutana naye kantini najifanya nasoma meseji.

Haya, mwenye ubishi alete. Ngoja niwahi maharage kabla hayajaisha. Alamsiki!