Uzoefu wa shambani nao uhesabiwe chuoni

Si ajabu kumkuta bwana shamba mwenye cheti akiomba ushauri kwa mkulima aliyeishia darasa la saba. Mkulima huyo anajua kukuza miche, kuchanganya dawa, kutambua ugonjwa wa nyanya kwa kutazama jani na kupiga hesabu ya faida kabla ya mavuno. Anachokosa ni cheti.

Tanzania si ngeni katika suala hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Hivi sasa VETA inatambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inao utaratibu wa kudahili wasio na sifa za kawaida baada ya kupimwa ujuzi wao wa awali.

Hata hivyo, kumfungulia mtu mlango pekee hakutoshi. Mwenye uzoefu wa miaka 15 akianza mwaka wa kwanza sawa na kijana aliyetoka kidato cha sita, atalipia ada masomo anayoyafahamu, huku shamba likikosa msimamizi. Wengi wakipiga hesabu hiyo, wanaona bora wabaki shambani.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2002 inamruhusu mtu kupata sehemu ya shahada, au shahada nzima, kwa kuthibitisha uzoefu wake mbele ya jopo.

Wapo wanaohofia kuwa shahada zitagawiwa kama njugu. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni upimaji makini. Mkulima apimwe shambani na jopo la wahadhiri na wakulima wazoefu, aonyeshe kumbukumbu za mauzo na gharama, na aruhusiwe kujieleza kwa Kiswahili. Mtihani wa maandishi wa Kiingereza peke yake utapima Kiingereza, si kilimo. Asichokijua, kama vile takwimu au kemia ya udongo, ndicho akasomee darasani.

Kilimo ndicho kinachoajiri Watanzania wengi kuliko sekta nyingine yoyote. Vyuo vikuu vinavyofundisha kilimo vianze na masomo machache ya vitendo, vipime, kisha vipanue. Elimu haina mwisho, na wala haianzii darasani tu.