Mpigadebe Si Mshauri

Hakuna mtu Mbeya hii anayemwita mpigadebe wa stendi mshauri wa usafiri. Tunamjua. Akikushika mkono pale Nane Nane na kukuapia kwamba basi la Dar linaondoka sasa hivi, unajua analipwa kwa kichwa, na unajua "sasa hivi" yake ni saa nzima. Hatumchukii. Naye ana watoto wanaokula. Lakini hatumuulizi basi lipi lina breki nzima.

Sasa nauliza, vijana wenzangu: kulikoni mtu huyo huyo akivaa shati la mikono mirefu, akakaa mbele ya kompyuta katika chumba cha kupanga, akabandika ukutani picha ya chuo cha majuu chenye theluji, ghafla tunaanza kumwita "mshauri wa elimu"?

Ninalolisema nalijua. Siku tatu kwa wiki nafanya kazi katika ofisi moja ya namna hiyo hapa mjini. Jina lake silitaji. Ziko nyingi na zinafanana mpaka rangi ya mapazia. Mimi ni mkazi wa Iyunga, nina cheti cha kidato cha sita na madaftari matatu ya riwaya ambayo haijampata mchapishaji. Kazi yangu ni kujaza fomu, kuskani vyeti, kupokea wageni na kuwaandikia watu wa vyuo barua pepe. Wazee wanatoka Mbozi, wanatoka Rungwe, wameshika bahasha ya kaki yenye matokeo ya mtoto. Nawaamkia shikamoo, wanaitika, "Marahaba, mwalimu." Halafu wananiuliza mtoto asome nini, na nchi gani. Wananiuliza mimi, ambaye chuo kikuu nakijua kwa kupita kando ya uzio wa MUST nikienda kununua mkaa!

Hebu tuangalie ulaji wenyewe unavyokwenda, maana wengi hawaujui.

Mzazi hulipa ofisini ada ya huduma. Hiyo anaiona, anapewa risiti, anadhani hesabu imeishia hapo. Kumbe kuna mfuko wa pili. Vyuo vingi vya nje huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayefika na kulipa, na kawaida hukatwa kutoka ada ya mwaka wa kwanza, asilimia 10, 15, hata 20. Tuseme ada ni dola 6,000 na kamisheni ni asilimia 15: hapo wakala anakunja dola 900 kwa kijana mmoja. Wa chuo cha jirani chenye ada ya dola 2,000 atamletea dola 300. Wa chuo kisicholipa mawakala hatamletea kitu. Sasa niambie, mtu huyu akikuambia "mwanao anafaa kile cha dola 6,000", amemtazama mtoto au amezitazama zile 900?

Sisemi kwamba kila mara anadanganya. Huenda chuo ni kizuri kweli, kama vile basi la mpigadebe linavyoweza kuwa zima. Nasema hatuna njia ya kujua, na yeye mwenyewe, baada ya miaka miwili mitatu ya kula kwa kichwa, hawezi tena kujua. Tumbo likishakuwa mwalimu, macho huona kile kinacholishibisha.

Angalia yale yasiyotajwa ofisini. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, kuomba ni bure. Miaka yote hii dirisha lake limekuwa likifunguliwa Januari na kufungwa Februari. Serikali ya India hutoa nafasi kupitia ICCR. China ina ufadhili wake wa serikali unaolipa ada, malazi na posho ya mwezi. Anayeitaka Marekani yupo EducationUSA, chini ya serikali ya nchi hiyo, anayetoa ushauri bila kumtoza mtu senti. Na chuo kilichopo hapa hapa Iyunga? Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kwa makubaliano ya Tanzania na Urusi ya Kisovieti, kikageuka taasisi mwaka 2005, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Mtoto wa mkulima mwenye sifa akisoma hapo anaweza kuomba mkopo wa HESLB. Lakini yote hayo hayana cha juu, na kisicho na cha juu hakina mpigadebe.

Wapo watakaosema, "Ndiyo biashara ya dunia, kijana, hata wazungu wanafanya." Vizuri, twende kwa wazungu. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilibadili sheria ya elimu ya juu. Vyuo vinavyopokea fedha za serikali za kuwasaidia wanafunzi vikakatazwa kuwalipa waandikishaji kamisheni kwa idadi ya vichwa. Sababu ilikuwa wazi: vijana walikuwa wanasombwa kutiwa katika vyuo visivyowafaa ili mtu apate chake. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango mmoja wazi: wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje na wasiostahili fedha hizo. Someni tena. Kumpigia debe mtoto wa Chicago ni marufuku. Kumpigia debe mtoto wa Vwawa, ruksa! Wenye dawa wanaijua sumu yake, wakaizuia isiingie nyumbani kwao.

Na msiniambie kwamba kusoma nje hakuwezekani bila mchezo huu. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilitua New York na wanafunzi 81 wa Kenya. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda Kansas kwa safari hizo hizo. Fedha zilichangwa, vyuo vilitoa nafasi, na aliyetoa alijulikana. Leo mzazi anauza ekari ya kahawa, na wa kumwambia nani anakula nini hakuna.

Sasa nageukia wenzangu wa kalamu, maana kurasa hizi ni zetu.

Mnajua kwa nini ofisi hizi zinatupenda sisi tunaojiita waandishi chipukizi? Kwa sababu ya barua ya kujieleza. Chuo kinataka mwombaji aeleze yeye ni nani na anataka nini. Kijana wa kidato cha sita anaogopa Kiingereza chake, basi ofisi inatafuta mwenye maneno. "Wewe si mtunzi? Mtungie." Nimeambiwa nimwandikie binti mwenye baba na mama wazima kwamba ni yatima aliyelelewa na bibi, kwa kuwa eti wafadhili wanapenda machozi. Nilikataa, na kazi ile akapewa mwingine mwenye kalamu. Pengine anasoma hapa. Ndugu yangu, naomba tuzungumze.

Utasema ni utunzi tu, kama riwaya. La hasha! Msomaji wa riwaya amekubali kudanganywa. Amenunua kitabu akijua. Afisa wa udahili hakukubali. Na mhusika wako wa riwaya hana pasipoti. Yule binti anayo. Marekani, uongo wenye uzito katika maombi ya viza unaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Uingereza wanaweza kukuzuia miaka 10, Kanada miaka 5. Aliyetunga hazuiwi hata siku moja. Mwaka 2023 wanafunzi wa Kihindi waliokwisha kuishi Kanada kwa miaka walikabiliwa na kufukuzwa nchini kwa sababu barua zao za udahili zilikuwa za kughushi, na wengi wao waliapa kwamba ghushi hiyo ilifanywa na wakala. Waliosimama mbele ya maafisa kujieleza walikuwa wao.

Lipo na jingine linaloniuma zaidi kama mtu wa maneno. Binti yule alikuwa na habari yake. Alikuwa akimsaidia mama yake kuuza ndizi kando ya barabara ya Tukuyu, na alifundishwa hesabu na mteja dereva wa lori. Hiyo ni barua nzima! Mtu akimwambia maisha yake hayatoshi, kwamba lazima aazime kifo cha wazazi ili apendeze, amemnyang'anya kitu kikubwa kuliko ada. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba dunia inataka Afrika ya kulia tu, ndio tunaoifungashia machozi kwa elfu kumi!

Watanijibu wangapi: "Mbona nawe unakula humo humo?" Nakula, ndiyo. Nalipwa kwa siku, si kwa kichwa, na kila mzee anayekaa mbele yangu namwambia ipo kamisheni na inatoka wapi. Bosi analijua hilo na halipendi. Siku akinifukuza nitarudi kuuza vocha. Wengine watasema ni wivu wa aliyekosa kwenda. Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, miaka mingi kabla ya kwenda kusoma Marekani. Kalamu haisubiri viza, na simwonei gere anayeipata kwa haki.

Swali gumu ni hili moja, nami nalipa heshima yake: kama si ofisi hizi, mtoto wa Mbozi ataongozwa na nani? Shuleni mwalimu mmoja ana wanafunzi mamia. Fomu ni za Kiingereza, malipo ni ya kadi, na intaneti ni ya kununua. Kweli tupu. Mpigadebe amestawi kwa sababu stendi haina ubao wa safari. Basi tuujenge ubao. Wizara inaweza kumweka mwalimu mmoja wa udahili katika kila shule ya kidato cha tano na sita. TCU, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua shahada za nje, inaweza kulazimisha kila ofisi ibandike ukutani, kwa Kiswahili, jina la kila chuo kinachoilipa na kiasi inacholipwa. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja na gundi.

Na wakati tukisubiri, sisi tunaosoma kurasa hizi tunaweza kuanza. Wako wengi kati yetu wanaojua kujaza fomu. Jumamosi moja kwa mwezi, katika darasa lolote litakaloazimwa, mlete mdogo wako nimwonyeshe nafasi za bure zilipo. Barua aiandike mwenyewe, kwa Kiingereza chake kinachochechemea. Sisi tumsahihishe koma, tusimguse uhai.

Mzazi, kabla hujauza ekari, uliza maneno matano: "Chuo hiki kinakulipa shilingi ngapi?" Akijibu waziwazi, endelea kumsikiliza. Akianza kukusifia theluji, chukua bahasha yako.