Kuzaa Programu Si Kazi, Kazi ni Kulea

Wasee, leo wacha niwaudhi kidogo.

Hakathoni haziishi hapa Nairobi. Mtu anazindua programu, anapigwa picha na hundi kubwa kama mlango, sisi tunamwaga laiki. Miezi sita baadaye hiyo programu hata haifunguki, na hakuna anayeuliza. Tumekuwa mashabiki wa kuzaa. Kulea tumeachia nani?

Chukua mfano wa FreeBSD, mfumo wa kompyuta wa bure. Ile PS4 mnalipia kucheza mtaani, mfumo wake umetokana na FreeBSD. Seva zinazokuletea filamu za Netflix zinaitumia. WhatsApp ilikulia hapo: mwaka wa 2012 seva yao moja ilibeba watu zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja.

Lakini mfumo peke yake ni nyumba tupu. Vyombo vya ndani ni programu zingine, na FreeBSD inazo zaidi ya 30,000 kwenye mkusanyiko wa poti. Kila poti ni maelekezo: chukua msimbo pale, hakikisha haujachezewa, rekebisha hapa, jenga hivi. Halafu chombo kinaitwa Poudriere kinajenga zote, kila moja imefungiwa ndani ya jela yake safi, ndiyo uchafu wa moja usiingie kwa nyingine.

Najua kuna msee atasema, "Si hiyo ni mashine inajifanyia?" Buda, mashine inajua tu kusema imeshindwa. Badilisha kitu kimoja kinachotegemewa na wengi, mamia ya programu zinaanguka pamoja. Ndiyo maana kabla ya badiliko kubwa, mkusanyiko mzima unajengwa upya kwa majaribio. Lazima mtu akae chini, asome makosa moja moja, ajue ya nani ni nini. Na wengi wao ni wa kujitolea. Hakuna hundi, hakuna picha.

Na wezi wanajua thamani ya hiyo kazi kutuliko. Novemba 2012, FreeBSD iligundua mtu ameingia kwa mashine zake mbili kupitia ufunguo wa developa mmoja uliovuja. Zilikuwa za kujenga programu. Mwaka wa 2024, upande wa Linux, mtu alijifanya msaidizi mwema wa xz, iliyokuwa inalelewa na mtu mmoja aliyechoka. Alipoaminiwa, akaficha sumu kwa maelekezo ya kujenga. Iligunduliwa kwa sababu Andres Freund aliona kuingia kwa seva kumechelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, wasee!

Kwa hivyo makampuni yanayokula hapa bure, lipeni walezi. Si fulana na asante. Pesa.

Na wewe unayejifunza kodi, wacha kuanzisha programu ya kumi ya kuagiza chakula. Kuna poti hazina mlezi. Mahali pa jina lake pamewekwa tu anwani ya wote, na cha wote hakina mwenyewe. Chukua moja. Ilee mwaka mzima. Ukimaliza hapo, njoo uniambie wewe ni developa, na mimi wa kwanza nitapiga makofi.