Bei ya Mlangoni Si Bei ya Safari



Juma lililopita, jioni, nimeketi barazani nachambua maharagwe, alinijia mzee mmoja jirani yangu, simu mkononi, uso umekunjamana. Hakungoja hata kiti. Akaniambia, "Mwalimu, nisomee ujumbe huu. Mjukuu amenisomea mara mbili, nami sijasadiki."

Nikausoma. Binti yake yuko Marekani, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, pamoja na mumewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka 11, wa pili wa miaka 8. Kazi yake ni kuwauguza wazee, na mara nyingi huifanya usiku. Aliandika hivi: "Shikamoo Baba. Zile fedha za bati tulizozungumza, mwaka huu zitachelewa. Watoto wametuomba miaka mitatu tuwapeleke kucheza Disney, kule Florida. Tumewaahidi mwezi wa saba. Utusamehe, Baba."

"Sasa niambie, Mwalimu," akasema mzee. "Huko ni mahali gani? Mapembea? Mtu aweza kumaliza bati za nyumba nzima katika mapembea? Ama mumewe anamdanganya, ama wote wawili wananidanganya mimi."

Huenda nawe, msomaji, una mwana au ndugu katika nchi za mbali, nawe umepata kuambiwa neno kama hilo ukakasirika. Basi tuhesabu pamoja, tusimhukumu mtu kabla ya kuijua hesabu yake.

Kwanza tujue mahali penyewe. Bwana Walt Disney, mtengeneza sinema wa Marekani, alikuwa na binti wawili. Siku za mapumziko aliwapeleka katika bustani moja ya Los Angeles kupanda farasi wa mbao wazungukao. Watoto walicheza, yeye akaketi juu ya benchi akiwatazama, hana la kufanya. Hapo akawaza: mbona hakuna mahali wazazi na watoto waweza kufurahi pamoja? Tarehe 17 Julai 1955 akafungua Disneyland, karibu na mji ule, penye farasi wa mbao, mashua, treni na majumba ya hadithi. Yeye alifariki mwaka 1966. Na mwaka 1971, tarehe 1 Oktoba, wenzake wakafungua mahali pengine pakubwa zaidi, Florida. Huko ndiko wajukuu wa mzee wanakotaka kwenda.

Sasa sikilizeni bei. Mwaka 1955 mtu mzima alilipa dola moja mlangoni, na mtoto senti 50. Baba, mama na watoto wawili waliingia kwa dola 3. Ndani walilipa tena kwa kila mchezo, kuanzia senti 10. Dola moja ya mwaka ule ilikuwa na nguvu ya dola kama 12 za mwaka 2024. Hata hivyo, tazameni ilivyopanda: mwaka 2023 mlango wa Magic Kingdom, kiwanja cha kwanza cha Florida, ulifika dola 189 kwa mtu mmoja, kwa siku moja, katika majuma ya Noeli. Watu wanne ni dola 756, na bado hawajanywa hata maji. Siku za bei nafuu, katika kiwanja cha wanyama kilicho hapo hapo, ilikuwa dola 109, yaani 436 kwa wanne. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipi. Wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu. Akifika miaka 10 ahesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo yule wa miaka 11 ni mtu mzima mlangoni, ingawa nyumbani bado hulala na mwanasesere wake.

Mzee aliposikia hayo alishika kidevu. "Basi hawakunidanganya," akasema.

Nikamwambia, "Ngoja, mzee. Huo ni mlango tu."

Maana safari ya namna hii ina mafungu matano, na mlango ni fungu moja.

Fungu la pili ni njia. Toka Louisville hadi Florida ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa ndege ni nauli nne. Kwa motokaa ni petroli ya kwenda na kurudi, na pengine usiku mmoja wa kulala njiani. Ukifika walipia hata mahali pa kuiacha motokaa.

Fungu la tatu ni malazi. Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Huko Florida viwanja ni vinne, wala mtu hawezi kuvimaliza kwa siku moja. Wauzaji wasema: ukinunua tikiti ya siku nyingi, bei ya kila siku hushuka. Ni kweli, hushuka. Lakini kila siku unayoongeza yaleta usiku mmoja wa hoteli na milo mitatu ya watu wanne. Umepunguziwa mlangoni, umeongezewa kitandani na mezani. Ni kama mtu anunuaye debe la pili la mahindi kwa kuwa ni rahisi, kumbe hana ghala, na wadudu wanangoja.

Fungu la nne ni tumbo na mikono. Chakula cha ndani ya viwanja ni ghali. Kisha kuna kofia zenye masikio ya panya, fulana, peremende na picha. Tena duka mara nyingi limewekwa pale pale unapotokea mchezoni, mtoto angali anacheka, na mzazi gani atakataa saa ile? Bandu bandu huisha gogo. Kuna na ada ya kuruka foleni. Tangu mwaka 1999 watu walipewa bure karatasi ya kuwawezesha kurudi saa fulani bila kusimama sana. Mwaka 2021 jambo hilo likawa la kulipia: Florida lilianza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, California dola 20. Asiyelipa husimama juani, na jua la Florida mwezi wa saba halina huruma.

Fungu la tano halionekani katika karatasi yoyote, nalo ni zito: siku za kazi zilizopotea. Mwuguzi alipwaye kwa saa, asipokwenda kazini juma zima, pengine halipwi juma zima. Fedha ile haikutoka mfukoni, ndiyo maana watu hawaihesabu. Lakini haikuingia vile vile.

Tulipojumlisha, kwa kukadiria tu, hesabu ilipita dola elfu kadhaa. Mzee alinyamaza.

Basi nikamwonyesha upande wa pili. Marekani si Disney peke yake. Magharibi ya Louisville, mwendo wa motokaa kama saa moja na nusu, katika jimbo la Indiana, kuna kijiji kiitwacho Santa Claus, ndiyo kusema Baba Noeli. Watoto walikuwa wakifika pale kwa ajili ya jina lile, wasimkute Baba Noeli, wakarudi na huzuni. Mzee mmoja aitwaye Louis Koch, baba wa watoto tisa, aliwahurumia, akawafungulia mahali pa kuchezea mwaka 1946, miaka tisa kabla ya Disneyland. Leo pa­itwa Holiday World. Kuegesha motokaa ni bure. Tangu mwaka 2000 soda ni bure, wanywa upendavyo. Hata mafuta ya kujikinga na jua hutolewa bure. Na tikiti moja yatosha kwa mapembea na kwa mabwawa ya maji pia. Bei ya mlango ni pungufu sana kuliko ile ya Florida.

Kuna na mahali pengine, Knoebels, katika jimbo la Pennsylvania, palipofunguliwa mwaka 1926. Pale kuingia ni bure kabisa. Walipia mchezo upandao tu. Bibi asiyependa kuzungushwa aweza kuketi chini ya mti na kapu la chakula alichopika nyumbani, asilipe hata senti. Hebu fikiri: katika viwanja vikubwa bibi huyo hulipa sawasawa na kijana apandaye kila kitu.

Je, nasema Disney ni wezi? Hasha. Bei zao hazifichwi, na watu wengi hurudi na furaha. Nao huruhusu mgeni aingie na chakula chake, na maji ya barafu hupewa bure akiomba. Nasema hivi tu: vitu viwili havilinganishwi kwa mlango. Hulinganishwa kwa jumla, tangu kufunga nyumba mpaka kuifungua tena.

Nilidhani tumekwisha. Lakini mzee alikuwa bado ametazama chini. Kisha akauliza polepole, "Mwalimu, fedha hizo zote za Florida, zingewatosha kuja huku?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tangu mwanzo hakuja kwa ajili ya bati. Wajukuu wake wale wawili hajawashika mkono hata siku moja. Awajua kwa simu tu.

Nikamjibu kweli: kwa mwaka mmoja, pengine hazingetosha. Nauli za ndege za watu wanne toka Kentucky hadi Dar es Salaam, pamoja na basi la kuja huku kwetu, zaweza kuipita hesabu ya Florida. Lakini wakicheza karibu na kwao mwaka huu na mwaka ujao, na tofauti ile ikawekwa kando, mwaka wa tatu safari yaweza kuwa.

Tukaandika pamoja, yeye akisema, mimi nikibonyeza: "Marahaba mwanangu. Bati zaweza kungoja. Masufuria ya kukingia mvua tunayo. Sikatai watoto wacheze, nawe umechoka kwa kazi, yafaa ucheke nao. Lakini kaa na mumeo, hesabuni yote, si mlango peke yake. Uliza na huko Indiana karibu nanyi. Mimi nina miaka 74, na wajukuu wangu nawaona katika kioo."

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Wameketi, wamehesabu katika daftari, na jumla imewashtua wenyewe. Watoto wameambiwa kweli bila kufichwa. Yule mkubwa alilia, akanuna siku mbili. Ahadi iliyovunjwa humwuma mtoto, nasi wazazi tusilichukue kuwa jambo dogo. Yafaa kuhesabu kabla ya kuahidi. Watakwenda Indiana siku mbili. Nusu ya bati itakuja mwezi wa tisa. Masalio yamewekwa katika akiba ya kuja nyumbani, na yule mdogo ameandika kwa mkono wake juu ya daftari ile: "Babu."

Wazazi wapenzi, hata ninyi msiofikiria Florida mna milango yenu: arusi, kipaimara, shule ya bweni, safari ya kwenda kuona ndugu mjini. Kila mara mtaambiwa bei ya mlangoni, nayo itaonekana ndogo. Ulizeni njia, ulizeni malazi, ulizeni tumbo, ulizeni vikorokoro, ulizeni na siku za shamba zitakazolala bure. Jumlisheni. Ndipo muahidi.

Na yule mzee? Jana nilimkuta njiani. Aliniuliza tena jina la kijiji kile. Nilipomwambia, alisimama akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka. "Baba Noeli? Katika mwezi wa saba?"

Kwaherini hata juma lijalo.