Nyota Zisisingiziwe

Wako watu katika miji yetu ya Butembo na Beni wasemao hivi: hata wataalamu wamekubali kwamba ulimwengu utakwisha, tazameni mauaji, tazameni Ebola, dalili zimetimia! Neno hilo lina uongo ndani yake, na uongo huo wapasa kujibiwa, maana unawaumiza watu.

Kosa la kwanza ni la maneno. Sisi twasema dunia, twasema ulimwengu, kana kwamba ni kitu kimoja. Wataalamu wakitaja ulimwengu, hawasemi juu ya milima ya Ruwenzori wala Ziwa Edward. Wasema juu ya makundi ya nyota yasiyohesabika, ambayo jua letu ni chembe tu ndani ya kundi moja.

Mmoja wa waliofungua njia ya elimu hiyo ni padri, Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka: makundi ya nyota yanaachana, na lililo mbali zaidi huenda mbio zaidi. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo vilivyoonyesha jambo lilo hilo. Tangu upanuzi uanze imepita miaka milioni 13,800 hivi.

Je, utaishaje? Zamani wengi walidhani kwamba uzito wa vitu vyote utaupunguza mwendo huo, pengine hata kuurudisha nyuma, kama jiwe lililotupwa juu, mpaka vyote visongamane tena. Lakini mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu, waliopima nuru ya nyota zilizolipuka mbali sana, waligundua kinyume: mwendo unaongezeka. Watatu wao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Nguvu inayosukuma hivyo wameiita nishati ya giza, na asili yake bado ni fumbo. Ikidumu vilevile, makundi ya nyota yataachana mpaka yasionane, nyota zitazimika moja moja, na baridi itatawala. Ikizidi, itapasua hata nyota zenyewe. Ikilegea sana, huenda vyote vikarudi nyuma. Na mwaka 2025 vipimo vilivyofanywa Arizona, Marekani, vilileta dalili kwamba pengine inalegea. Basi wataalamu wenyewe hawajakata shauri. Lakini kwa njia yoyote kati ya hizo, hesabu ni ya maelfu ya mamilioni ya miaka. Jua letu peke yake lina akiba ya miaka milioni 5,000 hivi. (Mwenye kutangaza mwisho wa mwezi ujao, mbona angali anadai kodi ya nyumba yake?)

Padri Lemaître hakupenda mchanganyiko wa namna hii. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliposema kana kwamba elimu hiyo yashuhudia uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alishika kwamba nadharia yake husimama au kuanguka kwa vipimo, si kwa dini.

Sasa tuyaone madhara. Tangu Oktoba 2014 watu wamekatwa kwa mapanga Eringeti, Oicha, Mbau. Tarehe 13 Agosti 2016 ikawa Rwangoma, ndani ya mji wa Beni. Ukimwambia mjane kwamba mumewe alikufa kwa kuwa nyakati zimetimia, umemwondolea muuaji hatia yake, na serikali umeiondolea deni lake la ulinzi. Na Ebola? Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu zaidi ya 2,200, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Haikuondoka kwa kungojewa. Wauguzi walichanja watu na kuwafuata nyumbani wote waliowagusa wagonjwa, hata walipotupiwa mawe.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, mtu akikujia tena na habari kwamba wataalamu wamethibitisha mwisho, muulize: mtaalamu gani, mwisho upi kati ya hiyo mitatu, na baada ya miaka mingapi?