Redio ya Mawimbi Mafupi Isitupwe Jaani

Si ajabu siku hizi kuikuta redio ya mawimbi mafupi ikiwa imefukiwa vumbini katika stoo ya shule. Hata pale inapotumika, wanafunzi husikiliza FM tu, na swichi yenye herufi SW haiguswi na mtu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kazi yake. Nionavyo mimi, hasara hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo, na walimu ndio wanaoweza kuizuia.

Mawimbi ya FM kwa kawaida hayafiki mbali sana kupita upeo wa macho. Mawimbi mafupi, yaani yale ya kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi katika tabaka la anga liitwalo ionosfia, yakapindwa na kurudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndivyo BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle, iliyofuata mwaka 1963, zilivyosikika hata vijijini ambako hapakuwa na mnara wowote.

Redio yenyewe ni kitabu cha Fizikia. Namba 49, 31, 25 na 19 zilizoandikwa kwenye kioo chake ni urefu wa mawimbi kwa mita. Mwanafunzi akigawanya 300 kwa idadi ya megahezi, ataupata urefu huo: megahezi 6 ni mita 50. Kwa kuwa jua huibadilisha ionosfia, megahezi nyingi hufaa mchana, na chache hufaa usiku. Sauti ikipanda na kushuka, aghalabu redio si mbovu. Ni anga linaloyumba. Antena ya kuvutwa huongeza nguvu ya kunasa, na gurudumu dogo la pili, kwa redio zilizo nalo, husaidia kuzitenganisha stesheni zilizosongamana.

Wapo watakaonipinga kwamba zama hizi ni za intaneti, na kwamba idhaa nyingi zimeyahama mawimbi haya. Sikatai. Lakini itakumbukwa kwamba mnamo Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya na kwa majirani wetu. Tena Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, BBC ilianzisha matangazo ya mawimbi mafupi kwa eneo hilo, saa nne kila siku: kilohezi 15735 alasiri na kilohezi 5875 usiku. Mwanafunzi aliyeyaelewa niliyoyaeleza hapo juu atajua mara moja kwa nini zilihitajika namba mbili.

Kwa hivyo napendekeza kila shule ihifadhi japo redio moja ya aina hii pamoja na betri zake. Chama cha sayansi kiandike kila jioni stesheni iliyonaswa, saa, namba ya masafa na nchi inakotoka. Muhula ukiisha, mwalimu wa Fizikia atakuwa na grafu, wa Jiografia atakuwa na ramani, na shule itakuwa na sikio lisilohitaji mnara wala bando siku mitambo mingine itakapozimika.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Intaneti tuitumie, lakini redio hii tusiitupe.